Bunduki Moja Inayotii

Mahindi yanapokomaa Rhotia na Oldeani, tembo hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na mjadala wa silaha huanza upya. Baadhi ya wanafunzi wangu hutaka kila kijiji cha Karatu kipewe bunduki za kivita. Sikubaliani nao.

Risasi nyepesi ya kivita humjeruhi tembo bila kumwangusha, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba mahindi. Askari wa wanyamapori anahitaji bunduki inayotii: ile ya kukoki kwa mkono, ya risasi za .375 zilizobuniwa mwaka 1912. Sehemu zake ni chache, hupanguswa kwa kitambaa na mafuta kidogo, na ukungu wa nyanda zile, unaoleta kutu upesi, hauna huruma kwa silaha iliyosahauliwa kabatini. Halmashauri ichague aina moja tu, ili risasi na vipuri visitafutwe usiku wa manane.

Hata hivyo, bunduki ni ya usiku ambao mengine yote yameshindwa. Kamba ya katani iliyopakwa pilipili na oili chafu mkulima huikarabati mwenyewe. Kinachoniudhi ni kanuni za kifuta jasho zilivyotungwa mwaka 2011: shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahili hata senti. Jirani wa karibu zaidi wa tembo ndiye aliyeachwa mikono mitupu! Anayeandaa bajeti ijayo aanze na kamba ya mkulima huyo, kisha ndipo aulize bei ya bunduki.