Ujana si takataka

Wasee, leo nina neno moja tu, na ni la Kiebrania: hevel.

Jumamosi tulimzika beshte yangu. Miaka 22. Pasta akasimama kando ya jeneza, akafungua Mhubiri 11:10, akatuambia ujana ni ubatili, yaani haufai kitu. Mathe wa marehemu alikuwa safu ya mbele, anasikia yote. Siku hiyo nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Neno lililotafsiriwa "ubatili" pale ni hevel, na maana yake ya kwanza ni pumzi, mvuke. Ule mvuke unaotoka mdomoni ukiwa Limuru asubuhi ya Julai: unauona, ni wa kweli kabisa, halafu umeenda. Isaya 57:13 inaliweka sambamba na ruach, upepo. Kigiriki, kisha Kilatini, zikalivuta upande wa utupu, na tafsiri nyingi zikafuata njia hiyo.

Najua mtasema: wewe uliacha chuo, Kiebrania umekitoa wapi? Nimeangalia konkodansi ya Strong, iko bure mtandaoni. Hevel ni namba 1892. Sasa angalia jirani yake, 1893: Habili, mwana wa Adamu. Kwa Kiebrania ni herufi zilezile. Habili aliuawa mapema, na Mungu mwenyewe akamuuliza Kaini ndugu yake yuko wapi. Mtu wa bure huulizwa hivyo?

Sawa, kuna mahali neno hilo ni la dharau kweli. Yeremia analitumia kwa sanamu. Lakini rudi kwa mstari wa 9, ule pasta aliuruka. Kijana anaambiwa aufurahie ujana wake, akijua Mungu atamhukumu kwa anayoyafanya. Manze, kitu kisichofaa unaambiwa ukifurahie kivipi? Soma "pumzi" na mistari yote miwili inapatana: furahia, na uishi vizuri, kwa sababu inapita haraka.

Wapasta wetu, pesa ya spika kubwa haikosekani. Tafuteni basi dakika kumi za kuangalia neno kabla ya kumwambia mama kwamba miaka 22 ya mtoto wake ilikuwa ya bure.

Na wewe unayesoma hapa, ukisikia mstari huo matangani tena, usibishane kaburini. Ngoja watu watawanyike, kisha kaa na huyo mama, mfungulie mstari wa 9.