Nani Aliwapa Ruhusa ya Kusamehe?

Kikao cha kuizima kesi ya mtoto aliyenajisiwa kinajulikana hapa Mombasa. Kutoka Mtongwe hadi Mishomoroni, kutoka Chaani hadi Shika Adabu, kinachobadilika ni majina tu. Mwalimu mkuu kafunga mlango wa ofisi. Mwenyekiti wa bodi yupo, mzee wa mtaa yupo, mjomba wa mtoto kapigiwa simu akaja mbio na tuktuk. Mtuhumiwa kakaa pembeni, kainamisha kichwa. Soda zinaletwa. Anayefungua mazungumzo ni mtu mzima mwenye sauti ya upole: jamani, sisi sote ni wa mtaa mmoja, mambo haya tuyamalize kinyumbani. Kisha kinatajwa kiasi. Mtoto mwenyewe hayumo chumbani, na hakuna anayeuliza yuko wapi.

Nawauliza wanaokaa vikao hivyo: nani aliwapa ruhusa ya kusamehe?

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haikuwapa. Kifungu cha 40 kiliuweka uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 mwenye mamlaka hayo ya mashtaka ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba hana. Chifu hana, imamu hana, mchungaji hana, na bodi ya shule haina kabisa. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Mwalimu anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi ametengewa miaka isiyopungua 10. Isomeni sheria hiyo mwanzo hadi mwisho mnionyeshe palipoandikwa godoro, mbuzi au karo ya muhula mmoja.

Na walimu wasijifanye hawajui. Waraka nambari 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, unamtaka mwalimu mwenye habari au shaka ya unyanyasaji wa kingono aripoti ndani ya saa 24. Anayenyamaza naye ana kesi ya nidhamu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wasichana wawili wa shule moja ya msingi Nakuru walionajisiwa na mwalimu. Tume ilijitetea kwamba aliyoyafanya mwalimu huyo hayakuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jaji Mumbi Ngugi hakukubali. Aliwabebesha lawama mwalimu, tume na serikali kwa pamoja, akaamuru wasichana wale walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Kwa hivyo, mwalimu mkuu unayesema unalinda jina la shule, jina hilo lilichafuka siku ya tendo. Unachokilinda hapo ni kiti chako.

Tena kikao huua kwa saa. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wa saa 72, basi. Mtoto akitendewa Ijumaa adhuhuri, kikao kikaitishwa Jumamosi, mjomba akachelewa, kikasogezwa hadi Jumatatu jioni, wazee wataanza kunywa soda wakati muda wa dawa umeshapita. Mtoto kaogeshwa. Nguo zimefuliwa na kuanikwa. Ilitakiwa asiogeshwe, nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi na si wa plastiki, apelekwe hospitali ajaziwe fomu ya PRC ya huduma baada ya kubakwa, kisha polisi watoe fomu ya P3 ya ushahidi wa kitabibu. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji tunaiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia manusura wa ukatili wa kijinsia tangu 2007. Shanzu kuna mahakama maalumu ya kesi hizi, iliyozinduliwa na Jaji Mkuu Martha Koome mwaka 2022. Nambari 116 ya simu ya msaada kwa watoto inapigwa bure. Kituo kipo, mahakama ipo, simu ipo. Anayekosekana ni mtu wa kumshika mtoto mkono kutoka darasani Likoni, avuke naye feri, amfikishe.

Mtatuambia yupo mwalimu wa ushauri nasaha. Hebu mtazameni. Ni mwalimu wa Kiswahili au wa dini, amepewa jukumu hilo juu ya vipindi vyake, na hakuna kipindi kilichopunguzwa. Ofisi hana: mtoto anamsikilizia chini ya mwembe, wenzake wakipita wakichungulia. Nauli ya kwenda nyumbani kwa mtoto inatoka mfukoni mwake. Na mkubwa wake wa kazi ni yuleyule aliyefunga mlango wa ofisi. Akiripoti, kesho anaitwa msaliti, na mwezi ujao anaanza kuogopa barua ya uhamisho. Taifa zima limemtwika mtu huyu usalama wa mamia ya watoto kisha likamtaka awe shujaa kila asubuhi kwa mshahara wa kufundisha. Mashujaa huchoka. Wengine wana watoto wao wa kusomesha, nao hujifunza kunyamaza.

Shule hiyohiyo inafunza kunyamaza kwa fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imeharamisha adhabu ya viboko, na anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Lakini pita nje ya darasa lolote usikie milio. Ukiuliza, utajibiwa kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Sawa. Mtoto aliyefundishwa tangu chekechea kwamba mkono wa mwalimu una haki juu ya mwili wake, na kwamba kulia ni utovu wa adabu, ataukataa vipi mkono huo siku utakapokwenda kwingine?

Wavulana nao wasisahauliwe. Kila mara magenge ya vijana wadogo yanapokatakata watu Kisauni, viongozi hufika na kamera, polisi hufanya msako, tunahesabu waliokamatwa. Hakuna anayeomba rejista ya shule. Kijana haanzi na panga. Huanza kwa kukosa shule Jumatatu, kisha Jumatatu na Jumanne, kisha wiki. Mama yuko Saudia anapika na kufua nyumba za watu, fedha zinaingia kwa simu, na mtoto yuko kwa nyanya asiyeona vizuri na asiyejua kusoma barua ya shule. Mwalimu ameziona nafasi tupu kwenye rejista. Amezitia alama, akafunga kitabu, kwa sababu kwenda kubisha hodi kwa nyanya si kazi ya mtu yeyote.

Najua hoja inayokuja: kesi huchukua miaka, familia haina kitu, bora fedha mkononi. Ina ukweli ndani yake, na siupuuzi. Mtuhumiwa akiwa ndiye mlishaji wa nyumba, kumripoti ni kulala njaa usiku uleule. Ndiyo maana askari peke yake hatoshi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini. Bursari zipo. Sheria ya Watoto ya 2022 imejaa ahadi. Lakini fomu hazijijazi zenyewe, na mama aliyechanganyikiwa hawezi kuzunguka ofisi nne na mtoto mgongoni. Umaskini wa familia ni sababu ya kuisaidia. Haujawahi kuwa leseni ya kumpangia bei binti yao.

Basi ninachodai kisikike wazi. Shule za Likoni, Kisauni na Changamwe zipewe wafanyakazi wa ustawi wa jamii walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, wenye chumba chenye mlango, wenye nauli, na wanaowajibika kwa Idara ya Huduma za Watoto badala ya mwalimu mkuu. Kama fedha ni chache, mmoja ahudumie shule tatu jirani. Ila msituambie fedha hakuna kabisa. Nchi inayopata fedha za kujenga geti la shule na kulipaka jina la mbunge inaweza kupata mshahara wa mtu wa kumsikiliza mtoto anayepita getini hapo akilia.

Na mpaka siku hiyo, wewe mjomba, wewe mzee wa mtaa, wewe ustadhi utakayepigiwa simu ukaambiwa njoo tuyamalize: usikae kwenye kiti hicho. Mchukue mtoto na mama yake, pandeni tuktuk moja kwa moja hadi hospitali, kisha polisi. Wenye soda zao wataeleza mahakamani walikuwa wakijadili nini.