Kijana, kamera na kupe wa Kisiba



Likizo ya Desemba tuliwapeleka watoto Kisiba, kwa babu na bibi yao. Anayeijua sehemu hiyo ya Rungwe anajua ilivyoneemeshwa: migomba, malisho ya kijani, na Ziwa Kisiba, ambalo wengi huliita Masoko, lililotulia ndani ya shimo la volkano kama maji katika bakuli.

Kijana wetu wa miaka 13 alikwenda na kamera aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati. Kila siku baada ya swala ya alfajiri alishika njia ya malishoni kuwavizia ndege. Alileta picha za chozi wakinyonya maua ya migomba, za mbayuwayu ambao miezi hiyo huja kwetu wakikimbia baridi ya Ulaya, na za yangeyange wakifuatana na ng'ombe. Picha bora kuliko zote ni ya yangeyange aliyeinua mguu mmoja kando ya mdomo wa ng'ombe. Ili kuipata, kijana alilala kifudifudi kwenye nyasi karibu saa nzima.

Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na kila familia inaye shekhe inayemrejea. Hilo hatuliingilii leo. Sisi tulifurahi. Qur'ani, katika Suratul-Mulk, inatuelekeza tuwatazame ndege walio juu yetu, na huyu mtoto alikuwa akitazama kweli.

Wiki moja baada ya kurejea Tukuyu, akashikwa na homa, kichwa kikimgonga na viungo vikimuuma. Tukafanya kosa linalofanywa katika nyumba nyingi: tukasema ni malaria, tukanunua dawa dukani bila kipimo. Siku mbili zikapita bure. Siku ya tatu tulimpeleka zahanati. Kipimo hakikuonesha malaria. Daktari alipomchunguza akakuta mitoki kwenye kinena, na nyuma ya goti kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Akauliza swali ambalo sisi wazazi hatukuwa tumeliuliza: "Mwanangu, ulikuwa wapi wiki iliyopita?"

Kijana akainamisha kichwa. Siku ya tatu kule Kisiba alimkuta kupe nyuma ya goti, akamng'oa kwa kucha na kunyamaza. Aliogopa kwamba tukijua, kamera itafungiwa kabatini.

Kumbe ilikuwa homa ya kupe. Husababishwa na bakteria wa jamii ya riketsia, ambao kupe humwachia mtu anapomfyonza damu, na homa huanza siku kadhaa baadaye. Isichanganywe na homa ya papasi, inayoletwa na papasi wajifichao katika nyufa za nyumba za udongo, ambayo Robert Koch aliichunguza katika nchi hii mwaka 1905. Wala si ndigana kali, inayowamaliza ndama wetu. Hiyo haimpati mwanadamu. Homa ya kijana wetu ina dawa, na daktari alimwandikia doksisaiklini. Baada ya siku mbili homa ilishuka, alhamdulillah.

Kuhusu kumwondoa kupe, babu yake alikuwa na ushauri wa zamani: mafuta ya taa au njiti ya kiberiti. Kwa heshima zote tulimweleza alivyotuambia daktari, kwamba kupe asichomwe wala asipakwe kitu, kwa kuwa akisumbuliwa huweza kutapika uchafu wake ndani ya jeraha. Ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole moja kwa moja bila kupindwa, asipasuliwe kwa vidole, kisha pahala pale paoshwe kwa sabuni. Tarehe iandikwe. Homa ikija ndani ya wiki mbili, daktari aambiwe habari ya kupe kabla hajauliza.

Kujikinga nako si kugumu. Kupe haruki wala hana mbawa. Aghalabu hupanda ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele na kumsubiri apitaye. Basi suruali iwe ndefu, ya rangi nyeupe au ya maziwa ili kupe aonekane, na ncha zake zichomekwe ndani ya soksi. Anayetaka kulala chini atandike turubai. Jioni mwili ukaguliwe: nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Kijana aliyefika umri wa kusitiri mwili wake apewe kioo na ajikague mwenyewe anapooga. Mdogo akaguliwe na mama yake.

Ndege hao hao nao wamo katika habari hii. Yangeyange hufuata ng'ombe kwa ajili ya panzi wanaorushwa na kwato, lakini kupe wachanga hupanda miilini mwao pia. Katika visiwa vya Karibi wataalamu waliwashuku kwamba ndio waliomhamisha kupe wa ng'ombe kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Kwa hiyo ndege mgonjwa au aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu. Na kiota kisisogezwe wala tawi lisikatwe kwa ajili ya picha. Tunamfahamu Mtume (SAW) aliyeamuru makinda yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akihangaika.

Hata hivyo, ndugu wazazi, kilichotuumiza zaidi ni ule ukimya. Mtoto alibeba ugonjwa mwilini kwa kuogopa adhabu yetu, nasi ndio tuliomfundisha hofu hiyo, kwa miaka ya kunyang'anya kwanza na kuuliza baadaye. Kwa hiyo kamera hatukuifungia. Tulimwita, tukamwomba radhi, naye akatuomba radhi, tukakubaliana sharti moja juu ya hayo ya suruali na kibano: atakachokikuta mwilini mwake atatuambia siku hiyo hiyo, na sisi siku hiyo hiyo hatutamfokea.

Likizo ya Aprili atarudi Kisiba, insha Allah. Bibi ameshamwekea turubai. Kibano kiko ndani ya mfuko wa kamera.

Wabillahi tawfiq.