Magoti ya Mama na Mashine ya Mazoezi

Kijana mmoja ameniuliza: mamake ana kisukari, na kwa maumivu ya magoti sasa husali juu ya kiti. Amnunulie mashine ipi ya mazoezi? Swali la kheri, kwani mwili ni amana.

Mashine ya kukimbilia naiondoa mapema. Kila hatua hurudisha kishindo gotini. Iko ile ya kusimama, ambayo nyayo hazibanduki kwenye pedali. Kishindo haina, lakini yataka mtu asiyeyumba. Kwa mama huyu naipendelea baiskeli ya mazoezi yenye kiti cha kuegemea: uzito hubebwa na kiti. Kiti kisogezwe hata goti libakie limepinda kidogo mguu unaponyooka, na buibui lisikaribie pedali.

Shirika la Afya Duniani lapendekeza dakika 150 kwa wiki. Yeye na aanze na 10 kwa siku. Daktari aulizwe kwanza, hasa akitumia insulini, kwani sukari huweza kushuka ghafla. Na kabla ya kulipa, afuatane na mama dukani aipande mwenyewe. Mashine ngapi majumbani mwetu zimegeuka pa kuanikia kanga!