Tamko la Mafundi wa Mitandao Kuhusu Njia ya Pembeni kwa Saiti za Mbali

Sisi, wanachama wa chama cha wahandisi na mafundi wa mitandao nchini Tanzania, tunatoa tamko hili kwa kampuni za simu, watoa huduma za intaneti na taasisi zote zenye mitambo katika saiti za mbali.

Ruta nyingi za saiti hizo husimamiwa kupitia mtandao uleule zinaouhudumia. Mtandao ukikatika, fundi aliyeko Dar es Salaam hana pa kuingilia. Amri moja iliyokosewa, ambayo ingefutwa kwa dakika chache, inageuka safari ya usiku kwenda Loliondo au boti ya kwenda Mafia, huku zahanati ikisubiri.

Dawa inajulikana: njia ya pembeni. Kifaa kidogo huunganishwa na mlango wa konsoli wa ruta, kikapewa laini yake ya simu au ya setilaiti na betri yake, ili fundi aifikie ruta hata huduma ikiwa imekufa.

Kanada walijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers iliondoa kichujio kimoja wakati wa maboresho, na ruta za kiini cha mtandao zikazidiwa. Wateja zaidi ya milioni 12 walikosa huduma. Wapo walioshindwa hata kupiga namba ya dharura, 911. Mtandao wa usimamizi ulitegemea kiini kilekile, hivyo wahandisi nao walifungiwa nje. Kutambua chanzo kulichukua takribani saa 14.

Hapa kwetu hatari imejificha zaidi. Wapo wanaoweka kadi ya simu ya kampuni nyingine wakaamini wamemaliza kazi. Lakini mnara mmoja hubeba kampuni kadhaa, na kampuni hizo huenda zimekodi Mkongo wa Taifa katika njia ileile. Greda likikata mkongo, laini zote mbili zinakufa pamoja. Hali kadhalika mfumo wa usimamizi uliowekwa kwenye seva za Ulaya: Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, mfumo wa namna hiyo ungeweza kupotea pamoja na huduma yenyewe.

Kwa hiyo tunataka kila zabuni ya saiti ya mbali idai njia ya pembeni, pamoja na ramani ya inakopita na chanzo chake cha umeme. Ijaribiwe kila robo mwaka kwa kuzima njia kuu makusudi, maana kadi isiyotumika huweza kufungwa. Njia hiyo isiachwe wazi kwenye intaneti, wala isibaki na nywila ya kiwandani: anayeingia hapo ameshika mtandao mzima.

Gharama tunaijua, kwa kuwa ndio tunaofunga mitambo hiyo. Hatukubali iwe sababu pale maisha ya watu yanapotegemea laini.

Chama kitawasilisha mapendekezo haya kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kikiomba yaanze kutumika kwa saiti zinazohudumia zahanati, hospitali na vituo vya polisi.