Nani Alitia Saini kwa Niaba ya Mtoto?

Wanafunzi wangu hupenda kubishana juu ya wafalme. Mimi hupenda kuwauliza nani alitia saini.

Daudi Chwa alifanywa Kabaka wa Buganda Agosti 1897, akiwa na umri wa mwaka mmoja tu, baada ya baba yake, Mwanga, kuwaasi Waingereza na kushindwa. Nchi ilikuwa bado na makovu ya vita vya dini vya 1888 hadi 1892. Wakawekwa wasimamizi watatu wa ufalme: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Waislamu hawakupata kiti. Mizani hiyo ilipimwa kwa bunduki.

Tarehe 10 Machi 1900, mfalme akiwa na miaka mitatu, wasimamizi hao walitia saini Mkataba wa Buganda. Maili za mraba 8,000 zikatengewa machifu na wakubwa wapatao 1,000, na wasimamizi wenyewe hawakusahauliwa. Wakulima wakajikuta wapangaji katika mashamba yao. Chwa alipotimiza umri wa kutawala, 1914, urithi ulikwisha gawanywa. Sikatai kwamba watatu hao waliituliza nchi, lakini mgawaji hakupaswa kuwa mgawiwa.

Nayasema haya nikizitazama halmashauri za vijiji vya Kilwa na Lindi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inazitaka ziisimamie ardhi kama mdhamini wa wanakijiji. Basi mwekezaji anapofika na karatasi zake, mkutano mkuu uulize: muhtasari uko wapi, na majina ya nani yamo katika mgawo?