Kompyuta ikichelewa kuwaka, ipimwe kabla ya kununua mpya

Mwenye duka la pembejeo ambaye kompyuta yake ya Linux huchukua dakika tatu kuwaka asubuhi, huku wateja wa mbolea wakisubiri risiti, huambiwa upesi anunue nyingine. Ushauri huo humnufaisha zaidi muuzaji wa kompyuta.

Kwanza apime. Katika mifumo mingi ya Linux ya sasa, amri ya systemd-analyze huonyesha muda uliotumika kuwaka, na systemd-analyze blame hutaja kila huduma na muda wake. Mara nyingine chanzo ni kidogo mno. Diski iliyokwisha kuondolewa, lakini bado imeandikwa katika faili la /etc/fstab, huweza kuifanya kompyuta isubiri sekunde 90 bure. Fundi anayejua akiufuta mstari huo, baada ya kunakili faili, tatizo limekwisha bila kununua chochote. Na huduma ya printa katika duka lisilo na printa, ya nini?

Hata hivyo, kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, kuzima huduma kutasaidia kidogo tu. Hapo fedha ziende kwenye diski ya SSD, orodha ya wakulima waliokopa ikiwa imenakiliwa kwanza kwenye flashi.